Tuyafuate Maji Kabla ya Kutoa Fedha

Haya ni mazungumzo ya fundi wa mabomba mbele ya kikundi cha akina mama wanaofua mashuka kwa mashine. Tumeyaandika kama alivyoyasema.



Mmenieleza habari za mashine hii. Mlichanga fedha, mkainunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha tumika, mkaileta kwa lori. Mwanzoni ilifua vizuri. Sasa ina matatizo mawili. La kwanza, maji yanaingia kidogo kidogo, halafu inalia pi, pi, pi, inasimama. La pili, hata ikifua, inabakiza maji ndani, mashuka yanatoka yanachuruzika. Wenye nyumba za wageni kule barabarani wameanza kusema watapeleka mashuka kwingine. Na fundi aliyekuja wiki iliyopita kasema kompyuta ya mashine imeungua, anataka shilingi laki mbili.

Sisemi kwamba yule fundi ni mwongo. Kompyuta huungua kweli, hasa umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu. Lakini kabla ya kutoa laki mbili, tuyafuate maji. Tuanze kwenye tangi, twende mpaka kwenye mfereji kule nje. Kazi hiyo haihitaji fundi. Inahitaji ndoo, beseni, kitambaa na macho.

Kwanza kabisa, umeme. Chomoa plagi kwa mikono mikavu. Kuzima kitufe cha mashine hakutoshi, plagi itoke ukutani. Kama maji yamemwagika sakafuni, usiyakanyage. Zima swichi kubwa kwanza, ile iliyo karibu na mita. Umeme na maji vikikutana mwilini mwa mtu, vinaua. Na soketi ya mashine hii lazima iwe na waya wa ethi uliofika kweli ardhini. Katibu, hilo liandike, tutalitazama kabla sijaondoka.

Haya. Sasa twende kwenye tangi.

Tangi lenu limekaa juu ya kichanja cha mita 2. Kwa kuchota ndoo linafaa sana. Kwa mashine hii halifai, na nitawaeleza kwa nini. Mama Katibu, zunguka nyuma ya mashine, kuna kibao kimebandikwa. Tusomee. Kuna tarakimu 0.05, halafu herufi MPa. Vizuri. Hicho ndicho kipimo cha nguvu ya maji ambayo mashine inataka, na hiyo 0.05 ni nguvu ya maji yaliyo juu yake kwa mita 5 hivi. Kama ingeandikwa 0.03, ingekuwa mita 3. Hesabu ni hiyo hiyo kwa kila mashine.

Sasa tupime. Mahali maji yanapoingia kwenye mashine ni juu karibu mita moja kutoka sakafuni. Tangi likiwa limejaa, usawa wa maji yake uko juu ya hapo kwa mita 2 na kidogo. Likiwa nusu, ni chini ya hapo. Mashine inataka 5, sisi tunaipa 2. Je, hiyo ni kompyuta mbovu?

Mtaniuliza, mbona mwanzoni ilifanya kazi? Mwenyekiti kanieleza kwamba mwanzoni maji yalikuwa yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mradi, tangi limewekwa baadaye baada ya maji ya mradi kuanza kukatika. Basi jibu ndilo hilo. Mashine haikubadilika, maji ndiyo yaliyobadilika.

Ndani ya mashine, pale mpira unapoingia, kuna mlango mdogo unaoitwa vali. Umeme unaufungua na kuufunga. Lakini vali hii husaidiwa na nguvu ya maji yenyewe. Maji yakiwa dhaifu, haifunguki vizuri, na wakati mwingine hata kufunga haifungi sawasawa. Mashine inasubiri ijae, inachoka kusubiri, inalia.

Tena kuna jambo jingine pale pale. Fungeni koki, fungueni mpira huu nyuma ya mashine. Tazameni ndani ya tundu. Mnaona kichujio kidogo, kama cha chai? Kimejaa mchanga na kutu. Maji ya kisima yana mchanga. Kivuteni taratibu kwa plaiza, kisuguliwe kwa mswaki wa zamani, kirudishwe. Msikitupe! Wapo watu hukitoa wakafurahi kuona maji yanaingia kwa kasi, kisha mchanga unakwama kwenye vali na mashine inajaa mpaka inamwaga sakafuni. Kwa maji yenu haya, kisafisheni kila mwezi.

Dawa ya maji dhaifu ni kuinua tangi, au kununua pampu ndogo ya kusukuma maji. Kuinua tangi la lita 1000 ni kuinua uzito wa tani moja, kwa hiyo nguzo za miti hazifai. Kwa maoni yangu, pampu itawagharimu kidogo kuliko kichanja kipya. Katika siku hizi chache za kungojea, mashine ikiomba maji mnaweza kuyamimina polepole kwa ndoo kupitia kile kisanduku cha sabuni. Ni kazi ya kuchosha na inataka mtu asimame hapo, lakini mashuka yatafuliwa.

Mama mmoja kaniuliza hapa: na ile mashine inayoingiza maji bila kukoma? Swali zuri. Ikitokea hivyo, chomoa plagi utazame. Maji yakiendelea kuingia hali umeme haupo, vali imekwama, pengine kwa mchanga. Fungeni koki, mwiteni fundi wa kubadilisha vali. Lakini kama yanakoma mara tu umeme unapotoka, vali ni nzima, inafuata amri tu. Anayekosea ni yule anayetoa amri, na mara nyingi ni kifaa cha kupima maji.

Kifaa hicho kinafanyaje kazi? Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kizamishe ndani ya beseni. Mkono wako utasikia hewa inasukuma juu. Ndani ya mashine kuna mpira mwembamba uliosimama namna hiyo. Maji yakipanda, hewa inabanwa, inabonyeza swichi, swichi inasema: yametosha. Mpira huo ukitoboka au ukiziba kwa uchafu wa sabuni, hakuna wa kusema yametosha. Hapo ni ndani ya mashine, mwacheni fundi afungue. Ila ninyi mmwambie mlichokiona plagi ilipotoka. Fundi atakayeambiwa hivyo hatakimbilia kuwaeleza habari za kompyuta.

Lakini kabla ya kumwita, tazameni mpira wa kutolea maji. Kwa mashine hii yenye mlango mbele, mpira huo lazima upande juu kwanza, kiasi cha kiuno cha mtu, sentimeta 60 mpaka 100 kutoka sakafuni, ndipo ushuke. Ukiulaza chini mpaka mfereji, maji yanajitokea yenyewe wakati yanaingia. Mashine haijai hata siku moja, na tangi zima linaishia mferejini. Na mdomo wa mpira usizame ndani ya maji ya mferejini, yasije yakavutwa. Wenu umefungwa vizuri kwenye msumari ule. Aliyeufunga kafanya kazi nzuri.

Wenye mashine za mapipa mawili, zile za kujazia ndoo, msichanganye. Nyingi za aina hiyo hazina pampu. Maji yanatoka kwa kuteremka tu, kwa hiyo mpira wake lazima ulale chini kabisa. Ukiuinua, maji hayatoki. Ni kinyume cha hii. Na kama mngeniuliza kabla ya kununua, ningewaambia mchukue ile ya mapipa mawili. Haidai mita 5 za maji, na umeme ukikatika unaendelea kwa mikono. Lakini hii imekwisha nunuliwa, tuitengeneze.

Sasa tatizo la pili, maji kubaki ndani. Jambo la kwanza ni sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono ina povu jingi. Povu linajaa, pampu inasukuma povu badala ya maji, mashine haikamui. Tieni kidogo sana, au mtafute ile iliyoandikwa kwamba ni ya mashine.

Jambo la pili ni sikio. Wakati wa kutoa maji, inama usikilize huku chini. Kama pampu inanguruma na maji hayatoki, kuna kitu kimeziba au mpira umepinda. Kama ni kimya kabisa, pampu imekufa au umeme hauifikii, na hiyo ni kazi ya fundi. Yenu, mmesema, inanguruma. Hiyo ni habari njema.

Hapa chini kuna kimlango kidogo. Nyuma yake kuna chujio la pampu, ambalo hushika vitu vilivyosahauliwa mifukoni na kwenye mashuka: sarafu, vifungo, pini, nyuzi, nywele. Mkiona maji yamefika kwenye kioo cha mlango, msiulazimishe mlango kufunguka. Toeni maji kwanza huku chini. Kama mlifua kwa maji ya moto, subirini yapoe, yasije yakaunguza mtu miguu. Fungueni chujio polepole, mzunguko mmoja, maji yatoke ndani ya beseni. Beseni likijaa, fungeni, mwageni, fungueni tena. Itachukua muda.

Chujio likitoka, mulikeni tochi ndani. Mtaona kipanga kidogo. Kizungusheni kwa kijiti. Kitazunguka kwa kurukaruka, kama kinakwama na kuachia. Msiogope, kina sumaku, ndivyo kilivyo. Kikigoma kabisa, kuna uzi umejisokota.

Plagi imetoka? Hebu nioneshe. Vizuri. Leteni beseni lile pana, na kitambaa kiwekwe hapa. Mama Mwenyekiti, wewe ndiye utakayefungua, mimi nitashika tochi. Zungusha kushoto. Polepole.