Mwanga Hupimwa, Haukisiwi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Kazi yangu ni kupima mwanga wa taa. Sitasema mengi, maana harufu ya pilau imekwisha tufikia.

Taa ndogo za redio, na siku hizi hata za darini, hazina waya unaoungua ndani. Zina kipande cha fuwele ya nusukipitishi, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba, wala kuuzuia kama kioo. Mkondo ukipita, elektroni hushuka kutoka ngazi ya juu ya nishati hadi ya chini, na nishati inayoachwa hutoka ikiwa mwanga. Mshuko mfupi hutoa rangi nyekundu, mrefu hutoa buluu.

Mwaka 1907 Mwingereza H. J. Round alitia volti 10 katika fuwele ya kabidi ya silikoni, kitu kinachotumika pia kunolea visu, akaona mwanga wa manjano. Aliandika barua fupi gazetini, basi. Katika miaka ya 1920 Mrusi kijana, Oleg Losev, fundi wa maabara ya redio asiye na shahada ya chuo kikuu, aliuona mwanga kama huo. Yeye hakuishia kustaajabu. Alipima mkondo unaotosha kuuanzisha, akachunguza rangi zake, akadondosha benzini juu ya fuwele. Benzini haikukauka upesi. Akajua kuwa mwanga ule hautokani na joto. Alikufa kwa njaa mwaka 1942, Leningrad ilipozingirwa, akiwa na miaka 38. Vipimo vyake vimebaki.

Sisi hupimaje? Taa huwekwa ndani ya tufe lenye uwazi, lililopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Mwanga hugonga huku na huku mpaka uenee sawasawa, kisha kipokezi kilichopo ukutani huusoma. Kipokezi hicho nacho ni nusukipitishi, ila kazi yake ni kinyume: hupokea mwanga, hutoa umeme. Hatusomi mara taa inapowashwa, bali tunangoja joto lake litulie, kwani fuwele ikipata moto mwanga hupungua. Jibu huandikwa kwa lumeni. Wati ni umeme unaoliwa na taa. Lumeni ni mwanga tunaoupata.

Jambo hili si la maabara tu. Niliwahi kuletewa taa za chumba cha kujisomea cha shule moja. Boksi liliahidi lumeni 900. Tufe likasoma 510. Wanafunzi walikuwa wakilalamika macho, wakaambiwa ni wavivu. Mkuu wa shule alimpelekea mfanyabiashara karatasi ya vipimo, na taa zikabadilishwa. Malalamiko hayakumshinda mfanyabiashara yule, tarakimu zilimshinda.

Vijana, nanyi mwaweza kuanza. Chukueni betri nne za volti 1.5, taa ndogo nyekundu, na vikinza vya omu 330, 680 na 1000. Tafuteni kipande cha sola cha kikokotozi kilichoharibika, mkiunge na mita ya maikroampea. Taa na sola zitazamane ndani ya bomba la karatasi nyeusi. Badilisheni kikinza, kimoja baada ya kingine, mkiandika mkondo wa taa na usomaji wa mita. Chorani grafu. Rudieni mara tatu kabla ya kuiamini.

Wazee wenzangu, maabara tuliyosomea sisi ina mita chache kuliko wanafunzi wanaozihitaji. Tukichanga leo, tuchangie mita kwanza, rangi ya ukuta baadaye.