Uchochezi ni Kosa, Kumwudhi Mkubwa Si Kosa



Mwaka 1958 mhariri mmoja alipandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa maandishi yaliyowatuhumu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni kuwa wanatumia madaraka yao vibaya. Maandishi hayo yalitoka katika kijarida cha Sauti ya TANU. Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kashfa, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Mhariri huyo alikuwa Julius Nyerere.

Kijarida cha leo kimo ndani ya simu ya mkononi. Mwandishi wa habari huandika mistari michache Kakonko, na kabla jua halijachwa imesomwa Kigoma na Dodoma. Ndiyo sababu waandishi kadhaa wamejikuta wakihojiwa na polisi kwa yale waliyoyaweka katika mitandao ya kijamii. Yafaa kuuliza: ni wakati gani upelelezi huo huwalinda wananchi, na ni wakati gani hulinda kiti cha mkubwa?

Wakazi wa mpakani, waliopokea wakimbizi miaka nenda miaka rudi, wanajua kwamba neno laweza kuua. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Uchochezi wa namna ile si uhuru wa maoni, na polisi anayeupeleleza anatimiza wajibu wake.

Lakini habari kwamba zahanati haina dawa, au kwamba michango ya shule haijulikani ilikokwenda, haimtumi mtu kumwua jirani yake. Humwudhi ofisa tu. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoweka faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa habari za uongo, ilitaka ithibitike kwamba mtu alijua habari si ya kweli, na tena alikusudia kukashifu, kutisha au kupotosha umma. Na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vilikiuka Mkataba wa Jumuiya.

Basi mtumishi anayekimbilia kituo cha polisi kabla ya kufungua leja yake anatenda umangimeza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Habari ikiwa ya uongo, ofisi na itoe hesabu zake hadharani na kudai masahihisho. Ikiwa ya kweli, mwandishi ameisaidia Serikali kuona mahali palipooza.

Walimu nao wana kazi yao: kuwafundisha vijana kuhakiki habari kabla ya kuisambaza, na kutoogopa kuisema iliyo kweli. Mtoto akiona msema kweli anafungwa, hujifunza kunyamaza. Na kijiji kilichonyamaza hakina wa kukionya siku dawa zinapoibwa.