Mama Mwenye Tansiyo na Chumba cha Wagonjwa Mahututi



Leo tuongee juu ya damu kupanda wakati wa mimba, ile tunaita tansiyo. Inaanza mimba ikipita miezi mitano, hata kwa mama ambaye hajaugua hata siku moja. Mara nyingi hausikii kitu. Ndiyo maana kila mara tunakupima mkono na mkojo. Ikifika 140 kwa 90, tunakufuata karibu. Ikifika 160 kwa 110, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka.

Kichwa kinauma bila kutulia, macho yanaona giza ao nyota-nyota, maumivu chini ya mbavu, uso umevimba: usingoje kesho. Hapa kwetu Masisi na Walikale njia ni milima, pori na matope, na mara nyingine vita inaifunga. Anayengoja mpaka aanguke, amechelewa.

Mama akianguka na kutetemeka, ni kifafa cha mimba. Si mapepo, wala hakulogwa. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kitu kinywani, na wanaume wambebe kwa tipoyi mara moja.

Wengine wanaogopa chumba cha wagonjwa mahututi, wanasema ni cha kufia. Hapana! Pale anapewa sulfati ya magnezi. Mwaka wa 2002, utafiti wa wamama karibu 10,000 katika inchi 33 ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Sindano yake inachoma, na mwili unasikia moto, msishtuke. Ikizidi, inapunguza pumzi. Kwa hiyo muuguzi anahesabu pumzi, anagonga goti kwa nyundo ndogo, na anapima mkojo unaotoka kwa mpira. Msiuondoe mpira ule. Dawa nyingine inashusha tansiyo.

Lakini ugonjwa huu unaisha kwa kuzaa tu. Munganga akisema mtoto atoke mbele ya wakati, ni kwa kuokoa mama. Na hata akiisha kuzaa, kifafa kinaweza kuja. Magnezi inaendelea saa 24. Msimrudishe nyumbani mbio.

Basi, leo jioni uongee na baba wa watoto: nani atabeba tipoyi, nani atabaki na watoto, na feza ya safari iko wapi. Na tarehe ya kipimo, usiikose.