Kiswahili cha Kambini na Taifa la Uganda

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962, ndani ya mipaka iliyowekwa na Mwingereza walikuwamo raia wa falme za Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole, pamoja na watu wa kaskazini ambao wengi wao hawakupata kutawaliwa na mfalme. Lugha ya Kiafrika ambayo ingeweza kuwakutanisha bila kumpendelea yeyote ilikuwa Kiswahili. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufanywa lugha ya kambini.

Mkoloni aligawa kazi kwa makabila. Buganda, baada ya Mapatano ya 1900, ilitoa machifu na makarani. Acholi, Lango na West Nile zilitoa askari wengi wa King's African Rifles, na huko Kiswahili ndicho kilichotumika. Serikali ya kikoloni ilipotaka kukieneza mashuleni katika miaka ya 1920, Buganda ilikataa, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kukipinga. Waganda walihofu kuunganishwa na Kenya ya walowezi, na hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 24 Mei, 1966, jeshi la Rais Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Tarehe 25 Januari, 1971, Amin akampindua Obote mwenyewe. Mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Askari yeyote atafahamu kwa nini tangazo hilo halikuingia mioyoni. Raia aliyesimamishwa penye kizuizi cha barabarani, akafokewa kwa Kiswahili na kupokonywa saa yake, alikwenda nyumbani akiichukia lugha pamoja na aliyeisema.

Mwezi wa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala, wenyeji waliwaita Bakombozi: neno la Kiswahili lililovishwa kiambishi cha Kiganda. Wapo baadaye waliolichafua jina hilo kwa kupora, lakini neno lilibaki. Tarehe 26 Januari, 1986, jeshi la NRA liliutwaa mji huo. Nalo lilitumia Kiswahili, ila wapiganaji wake walibanwa na kanuni za mwenendo zilizolinda maisha na mali za raia.

Falme kadhaa zilirudishwa mwaka 1993, na mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa Kampala atakayepewa somo hilo huenda akamwomba babu yake amsaidie, na babu huyo ndiye kijana aliyesimamishwa barabarani mwaka 1973.