KONDO LA NYUMA LIKIGOMA KUTOKA

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya ng'ombe wa mkopo. Tutasema lile lililotuuma. Mnamkumbuka ng'ombe wa mwenzetu aliyezaa mapacha, kondo likagoma. Tulivuta kwa mikono, tukaning'iniza jiwe. Kipande kikabaki ndani kikaoza, homa ikapanda, maziwa yakakatika, na mwenzetu akalipa rejesho kwa kuuza kuku. Tulidhani ng'ombe ni mvivu wa kusukuma. Kumbe sivyo.

Kondo limeshikana na mji wa mimba kwa vifundo vingi, kama vifungo vya koti, mara nyingi 70 hadi 120. Kwa miezi tisa homoni ya projesteroni ndiyo inayotunza mimba. Siku zikitimia, ndama mwenyewe ndiye anayepiga hodi: mwili wake hutoa kotisoli, projesteroni hushuka, estrojeni hupanda, prostaglandini hufuata. Hapo ndipo vifundo hulegea, na askari wa damu ya mama husaidia kukata gundi. Ndama akiwahi, iwe kwa mapacha, kutupa mimba au sindano ya kuharakisha uzazi, gundi inakuwa bado mbichi. Hata ukimchoma oksitosini ili asukume, mara nyingi haisaidii; kusukuma kupo, kuachia ndiko hakuna. Tena mama akiteseka kwa joto au safari, kotisoli yake yeye huwadhoofisha wale askari. Upungufu wa kalsiamu, seleniamu na vitamini E nao huchangia.

Kwa kawaida kondo hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Jamani, tusivute, wala tusifunge jembe! Tusilishike kwa mikono mitupu pia, maana ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu. Akipata homa au akiacha kula, aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akichomwa dawa, maziwa yasiuzwe mpaka siku alizotaja daktari ziishe, hata kama mteja yuko mlangoni na chupa yake.

Ndiyo maana tumeiomba kamati iandike tarehe ya kupandishwa kwenye fomu ya mkopo. Ukihesabu siku kama 280, utajua ndama amewahi au la. Tumeomba pia rejesho la mwezi wa kuzaa lisogezwe mbele. Hilo mama mwenyekiti atalijibu mwenyewe.