Kitabu cha Bustani Siku ya Mvua



Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, masika, yaani Machi hadi Mei, si wakati wa kujidai mkulima. Jembe limelala nyuma ya mlango, uwanja umegeuka dimbwi, na nyumba nzima inanuka nguo zisizokauka. Siku kama hizo wengine hulala, wengine hucheza bao barazani. Mimi huomba chai ya tangawizi, nikavuta kiti karibu na dirisha, nikafungua kitabu cha bustani.

Kulima kwa macho kuna raha yake, nawaambieni. Kitabuni hakuna konokono wala kuku wa jirani. Kila mbegu inaota, kila ua linachanua, na mgongo hauumi. Ukifika ukurasa wa mwisho umekwisha panda ekari nzima, na kumbe kiwanja chako ni hatua kumi kwa nane.

Kitabu nikipendacho kuliko vyote ni kikuukuu, na jalada lake limeliwa na mende. Kinaitwa Gardening in East Africa. Kilihaririwa na A. J. Jex-Blake, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1934. Nimekirithi kwa baba yangu, aliyekuwa mtunza bustani huko Tanga. Mwajiri wake alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia.

Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo mvua ilipomzuia kwenda kazini aliniita mimi, mwanafunzi wa darasa la tano, nimsomee. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza, na nisipoweza nilibuni. Baba alisikiliza huku amefumba macho, kisha akacheka: "Huyu bwana anazungumzia Nairobi. Kule usiku kuna baridi. Hapa pwani hata usiku udongo una joto. Andika!" Nami nikaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, maneno yake kama alivyoyasema.

Mwaka juzi mvua za kwanza zilipodondoka, nilikimbilia kusia mbegu za nyanya. Ziliota vizuri, nikajisifu kwa majirani. Haikupita wiki mbili, miche yote ikalala chini, imekatika shingo pale inapotokea udongoni. Nililaumu mbegu, nikamlaumu na aliyeniuzia.

Jioni moja ya mvua nikafungua kitabu cha baba. Pembeni mwa ukurasa nikakuta mwandiko wangu wa kitoto: "Baba asema, nyanya usisie masika. Ngoja mvua ichoke." Chini yake, Mei 1991.

Ndugu wasikilizaji, niliona haya mbele ya karatasi. Baba alikwisha tangulia mbele ya haki, na onyo lake nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ugonjwa ule mabwana shamba huuita kinyausi. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, navyo hushamiri udongo unapolowa na miche inapobanana. Dawa yake kubwa ni subira: ungoje mvua ipungue, uinue tuta ili maji yapate njia, na usie kwa nafasi. Masika ni ya matembele. Kata marando, chomeka, mvua ifanye kazi iliyobaki. Hilo nalo limo pembeni mwa kitabu.

Sikidharau kitabu chenyewe. Waliokiandika walijua kazi yao. Lakini kila kitabu cha bustani kimeandikwa mahali fulani, juu ya udongo fulani, na mwandishi hakuuona uwanja wako. Anayeujua ni wewe, au mzee wako aliyelima hapo kabla yako.

Basi siku mvua inapokufungia ndani, soma, na penseli iwe mkononi. Andika ulipanda nini, tarehe gani, na nini kilikufa. Kama mzee yupo, mketi pamoja umwulize, umwandike na yeye. Mimi sasa humwita binti yangu anisomee, na pale baba alipoishia naye anaandika.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, inshallah.