Mitihani ya Watoto na Riziki ya Nchi
(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi)



Chama chetu kimetimiza miaka kumi, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mbele yenu leo liko azimio linalotaka uamuzi, kwamba Mfuko wa Elimu uwalipie ada wale tu waliofaulu katika daraja la juu. Kabla hamjapiga kura, twaomba tuitazame nchi moja iishiyo kwa biashara, yaani Singapore.

Kisiwa kile kilitengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965. Hakina madini, mashamba yake ni haba, na hata sehemu ya maji yake hununuliwa Johor, ng'ambo ya pili. Riziki yake ni bandari, viwanda, na akili za watu wake. Thamani ya bidhaa na huduma zinazoingia na kutoka huzidi mara tatu pato lote la nchi.

Katika mtihani wa kimataifa uitwao PISA wa mwaka 2022, vijana wake wa miaka 15 walishika nafasi ya kwanza kati ya nchi na maeneo 81: hesabu 575, sayansi 561, kusoma 543. Mtu akisikia hayo aweza kusema, "Basi, tuwasomeshe hodari peke yao." Lakini sivyo walivyofanya wao. Mwaka 1992 waliunda taasisi ya mafunzo ya ufundi kwa wale ambao mitihani haikuwapeleka mbele, kwa kuwa kiwanda chamtaka mhandisi, na chamtaka pia fundi wa mashine.

Tena, maksi nzuri si ngao ya kila mshale. Singapore ilikuwa na mkataba wa biashara huru na Marekani tangu mwaka 2004; hata hivyo mwaka 2025 Marekani iliitoza ushuru wa asilimia 10. Mwenye kuuza hutegemea hiari ya mwenye kununua. Sisi wakulima wa kahawa twalijua neno hili: mapatano ya mgao wa kahawa yalipovunjika Julai 1989, bei zilianguka katika soko la dunia, wala hakuna cheti cha shule kilichozizuia.

Je, elimu haina faida? La, hasha! Bei hatuipangi sisi, lakini ubora wa kahawa, mizani ya haki na hesabu safi vimo mikononi mwetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyeshindwa kuingia chuo kikuu aweza kuwa mwonjaji hodari wa kahawa, fundi wa mitambo ya kumenyea, au mtunza hesabu mwaminifu. Tukimwacha, tutamwajiri mgeni kwa fedha zetu wenyewe.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba azimio lirekebishwe: Mfuko uendelee kuwalipia waliofaulu sana, na sehemu yake itengwe kwa mafunzo ya ufundi na hesabu kwa watoto wa wanachama waliosalia. Hiyo ndiyo akiba isiyoshuka bei.

Uamuzi ni wenu, ndugu wanachama.